Gemu ya kutisha iliyoboreshwa inasumbua: dalili, chanzo na la kufanya

Toleo lililoboreshwa la gemu ya zamani lina matabaka. Chini kabisa kuna gemu ya awali: kanuni zake, akili ya maadui, vituo vya kuhifadhi, kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) iliyokusudiwa na walioitunga. Juu yake kuna kazi mpya: picha kali zaidi, nyuso zilizochongwa upya, mwanga uliopangwa tena. Halafu kuna vifaa vyako, yaani mashine ya gemu (kama PlayStation) au kompyuta, televisheni, pedi ya kuchezea na spika. Hitilafu ikijitokeza, tafuta kwanza imetoka tabaka lipi, kabla hujagusa mpangilio wowote. Watu wengi hufuta gemu nzima na kuishusha upya, makumi ya gigabaiti, kumbe tatizo lilikuwa kwenye televisheni.

Gemu za kutisha zinazobeba hadithi zina ugumu mwingine juu ya huo. Giza, ukimya, uhaba wa risasi na kamera inayoficha kona ni vitu vilivyowekwa makusudi. Kwa hiyo baadhi ya dalili hapa chini hazitibiwi. Ukizitibu, utakuwa umeua gemu yenyewe.

Giza limezidi hata njia haionekani

Hili ndilo lalamiko la kwanza karibu kila mara, na lina vyanzo visivyopungua vinne. Anza na jaribio rahisi: toka kwenye gemu, rudi kwenye menyu kuu ya mashine, utazame picha yoyote yenye vivuli. Kama vivuli vimemezwa huko pia, gemu haina kosa.

Chanzo kinachosahaulika kuliko vyote ni upana wa ngazi za rangi za RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu zinazounda picha. Mashine inaweza kutuma rangi kwa ngazi kamili, 0 hadi 255, au kwa ngazi finyu za televisheni, 16 hadi 235. Mashine ikituma ngazi kamili huku televisheni ikisubiri finyu, kila kilicho chini ya 16 kinageuka kuwa weusi mmoja mzito. Katika gemu ya mashujaa wa mchana huenda usigundue. Katika gemu ambayo nusu yake ni msitu usiku, umepoteza nusu ya picha. Kinyume chake pia hutokea: mashine inatuma finyu, televisheni inasubiri kamili, na weusi wote unakuwa kijivu kama moshi. Dawa ni moja: weka pande zote mbili zilingane, au ziache zote kwenye chaguo la kujipangia. Ukibadilisha upande mmoja tu umehamisha tatizo.

Cha pili ni HDR, teknolojia ya kuonyesha tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. Gemu nyingi zilizoboreshwa zilitungwa kabla teknolojia hiyo haijaingia majumbani, na si zote zimeongezewa. Alan Wake Remastered ya mwaka 2021, kwa mfano, ilitoka bila HDR. Ukiilazimisha mashine itoe HDR muda wote, inachukua picha ya kawaida na kuibadilisha kwa kukisia, na hapo giza linapauka au linazama. PlayStation 5 ina chaguo la kuwasha HDR pale tu gemu inapoiunga mkono, liache hapo. Kwenye Windows, zima ubadilishaji wa HDR wa kujiendesha kwa gemu hiyo, kisha linganisha picha mbili kwa macho yako.

Cha tatu ni televisheni inayojifanya mwerevu. Baadhi yake hupunguza mwanga wa nyuma kila picha inapokuwa nyeusi, zikidhani zinakusaidia. Unaingia handakini, skrini inafifia polepole, unatoka, inawaka ghafla. Zima uokoaji wa umeme na kihisi cha mwanga wa chumba, kisha washa hali ya gemu, ambayo pia hupunguza ucheleweshaji wa vitufe.

Mwisho ndiyo uje kwenye mwangaza wa ndani ya gemu. Ile alama inayotakiwa ionekane kwa shida ina maana yake, nayo ni kwamba ionekane kwa shida. Wengi huipandisha mpaka ing'ae, halafu wanalalamika kwamba gemu haitishi na picha imepauka. Ipange ukiwa kwenye mwanga uleule utakaochezea. Ukipanga mchana dirisha likiwa wazi kisha ukacheza usiku, vipimo vyako havina maana tena.

Kama yote manne ni sawa na bado huoni mita tatu mbele, basi huenda hutakiwi kuona. Washa tochi ya mhusika.

Picha inakwamakwama

Usianze kushusha ubora wa picha kabla hujatazama tabia ya mkwamo wenyewe, kwa sababu mikwamo haifanani.

Mkwamo unaotokea mara ya kwanza tu, unapofungua mlango mpya, adui mpya anapotokea, moto unapowaka kwa mara ya kwanza, kisha ukirudia sehemu hiyohiyo unapita laini, ni wa sheda. Sheda ni programu ndogondogo zinazoielekeza kadi ya michoro namna ya kuchora ngozi, maji au mwanga, na kwenye kompyuta lazima zitayarishwe kulingana na kadi na draiva (programu inayoiendesha kadi) uliyonayo. Gemu nyingine huzitayarisha zote mwanzoni. The Last of Us Part I ilipofika kwenye kompyuta tarehe 28 Machi 2023, wachezaji wengine walisubiri zaidi ya nusu saa kwenye menyu, na waliokosa subira wakaingia kucheza kazi ikiwa nusu wakakutana na mikwamo mikubwa. Kwa hiyo kipimo cha maandalizi kikionekana kwenye skrini, kiache kimalizike. Ukisasisha draiva, kazi hiyo inaanza upya. Hilo ni jambo la kawaida. Na kama mikwamo ilianza baada ya kusasisha na haiishi, zana ya Windows ya kusafisha diski ina kisanduku cha akiba ya sheda za DirectX. Ifute, washa kompyuta upya, ruhusu gemu iitengeneze tena.

Mkwamo wa mahali palepale kila unapopita unatokana na upakiaji: gemu inaingiza kipande kinachofuata cha ramani. Hapa diski ndiyo mshtakiwa. Gemu iliyowekwa kwenye diski ya kuzunguka ihamishie SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. Ikiwa tayari iko SSD na mkwamo haubanduki, huenda ni tabia ya gemu yenyewe, hasa pale ambapo zamani kulikuwa na lifti au ukanda mrefu wa kuficha upakiaji.

Mkwamo unaozidi kadiri muda unavyokwenda, saa ya kwanza safi, ya pili mbaya, unaelekeza kwenye joto au kumbukumbu ya kadi ya michoro. Matoleo mapya hubeba picha za ngozi na kuta zilizo kubwa mara nyingi kuliko za awali, na kadi yenye gigabaiti 8 hujaa upesi ukichagua ubora wa juu kabisa wa picha hizo. Shusha huo mmoja tu kwa ngazi moja, acha vivuli na mwanga kama vilivyo. Katika gemu ya kutisha mimi ningetoa sadaka ukali wa ukuta kabla ya kugusa vivuli.

Kuna mkwamo wa nne, mdogo, wenye mpigo sawa kama ngoma. Kipimo kinaonyesha fremu 30 thabiti lakini macho yanasema vingine. Kwenye skrini ya hezi 60, fremu 30 zinatakiwa kila moja ikae milisekunde 33.3. Moja ikikaa 16.7 na inayofuata 50, wastani ni uleule lakini mwendo unachechemea. Funga kikomo cha fremu kwa kutumia draiva ya kadi badala ya kikomo cha ndani ya gemu, au kinyume chake, uone kipi kinatoa mwendo laini. Usiwashe vyote viwili.

Vitu vinakwenda mbio, au midomo imetangulia sauti

Gemu za zamani nyingi zilihesabu muda kwa fremu: kila fremu ikipita, mlango unafunguka kidogo, adui anasogea kidogo. Zilitungwa kwa fremu 30. Ukizikimbiza kwa 120 au 144, baadhi ya mambo hukimbia pia, vitu vikianguka vinarukaruka, na zile sehemu za kubonyeza kitufe kwa haraka zinakuwa hazipitiki. Walioboresha hujaribu kurekebisha yote, lakini mara nyingi kitu kimoja au viwili husahaulika. Ukikwama kwenye tukio la kubonyeza kwa haraka na una hakika vidole vyako havina shida, funga fremu kwenye 60, kisha 30, ujaribu tena. Ukishapita, rudisha.

Sinema za ndani ya gemu zikionekana na ukungu kuliko gemu yenyewe, hazijaharibika. Ni video zilizorekodiwa zamani kwa ukubwa mdogo, na mara nyingi mafaili ya kuzitengeneza upya hayapo tena.

Mazungumzo hayasikiki, lakini radi inapasua masikio

Katika mpangilio wa spika 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, sauti za watu hupelekwa zaidi kwenye spika ya katikati. Mashine ikidhani unao mfumo huo wakati una spika mbili za televisheni tu, maneno yanapotea na muziki unabaki. Weka utoaji wa sauti kuwa stereo, kwenye mashine na ndani ya gemu. Kama kuna chaguo la hali ya usiku, linapunguza pengo kati ya mnong'ono na mlipuko. Linafaa kwa anayecheza wengine wakiwa wamelala, ila linakunyang'anya ule mshtuko.

Sauti ikiwa kama inatoka ndani ya pipa, angalia kama umewasha sauti ya pande zote mara mbili, mara moja ndani ya gemu na mara nyingine kwenye Windows au programu ya hedifoni. Acha moja. Hapa usikubali kubahatisha, maana katika gemu hizi nyayo nyuma ya bega la kushoto ni taarifa, na uchakataji maradufu unazifanya zitoke kila upande. Hedifoni zisizo na waya za Bluetooth nazo huchelewesha sauti. Ukisikia kishindo baada ya kuona pigo, tumia waya.

Risasi haziui, silaha zimetoweka, shujaa anaishiwa pumzi

Sasa tumeshuka hadi tabaka la chini, na hapa ndipo watu huripoti hitilafu zisizokuwepo. Nitachukua Alan Wake kwa sababu karibu kila kanuni yake humchanganya mgeni.

Risasi haziui kwa sababu maadui wamefunikwa na giza, na giza huondolewa kwa tochi kwanza. Elekeza mwanga, ukaze mpaka lile giza lipasuke, ndipo upige. Kukaza mwanga hula betri. Ukiacha kukaza, betri hujijaza taratibu yenyewe. Anayebadilisha betri kila mara anazitupa bure. Ukizingirwa, washa fataki ya mkononi: maadui hurudi nyuma, unapata nafasi ya kupumua.

Silaha zimetoweka kwa sababu hadithi imegawanywa katika vipindi sita kama tamthilia ya televisheni, na hadithi hukunyang'anya ulichokusanya kipindi kinapoanza, na wakati mwingine katikati. Hakuna faili lililoharibika. Somo ni kwamba usiweke risasi akiba kwa ajili ya kipindi kijacho, zitumie.

Shujaa anachoka baada ya hatua chache za mbio kwa kuwa ni mwandishi wa riwaya, si askari. Ameumbwa hivyo. Jifunze kukwepa, kitufe ambacho wengi hawakigusi hadi nusu ya gemu.

Umeokota ukurasa wa mswada unaosimulia tukio ambalo hujaliona? Gemu haijaruka sehemu. Kurasa hizo hutabiri, na kujua kwamba mtu mwenye shoka anakuja bila kujua ni lini ndiyo hofu yenyewe. Kurasa nyingine hazionekani kabisa kwa sababu zipo tu katika kiwango kigumu zaidi, kinachofunguka baada ya kumaliza mara ya kwanza. Na kama umemaliza ukahisi hadithi imeachwa hewani, rudi kwenye menyu: vipindi viwili vya ziada, The Signal na The Writer, vimo ndani ya toleo lililoboreshwa bila malipo mengine, lakini huchaguliwa kwa mkono.

Nikibonyeza mbele, mhusika anarudi nyuma

Hii ni ya gemu zenye kamera zilizosimama pembeni za chumba. Kamera ikibadilika, "mbele" ya skrini inabadilika nayo. Resident Evil iliyoboreshwa mwaka 2015 inakupa njia mbili: ya kisasa, ambapo mhusika hufuata uelekeo wa kijiti, na ya kale, ambapo juu ni mbele ya mhusika daima na pembeni ni kugeuka. Ukigombana na ya kisasa kwenye milango, jaribu ile ya kale kwa saa nzima kabla ya kuihukumu. Inakera mwanzoni, kisha inaeleweka, na mabadiliko ya kamera hayakuyumbishi tena.

Katika gemu hiyohiyo, picha ikipanda na kushuka kidogo unapotembea, ni kwa sababu mandhari yalichorwa kwa skrini za 4:3, na hali ya skrini pana hukata juu na chini kisha kusogeza kinachobaki. Rudisha 4:3 kwenye mipangilio, utaona chumba kizima kama kilivyopangwa.

Mhusika akitembea mwenyewe bila kuguswa, pedi imechakaa kijiti. Ongeza eneo mfu la kijiti, yaani mwendo mdogo wa kijiti ambao gemu huupuuza, kwenye mipangilio. Katika Until Dawn, gemu ya kutisha ya maamuzi ambako kuna nyakati unatakiwa kuishika pedi bila kutikisika, vihisi vya mwendo husoma hata mapigo ya mkono; pumzisha mikono juu ya mapaja au mto imara.

Nimepoteza nilipofika

Tenganisha mambo matatu. Kwanza, faili la hifadhi la gemu ya awali halifanyi kazi katika toleo jipya, isipokuwa watengenezaji wameeleza wazi kwamba linahamishika. Pili, gemu inayojihifadhi yenyewe hufanya hivyo kwenye vituo, na ukizima katikati ya vituo viwili, kilichopo kati kimekwenda. Subiri ile alama ndogo ya pembeni itokee na itoweke. Tatu, hifadhi ya wingu ikikuuliza uchague kati ya faili la mashine na la wingu, usibonyeze kwa haraka. Soma tarehe na saa za yote mawili, na kwenye kompyuta nakili folda ya hifadhi pembeni kabla ya kujibu.

Mhusika aliyekufa katika gemu ya maamuzi hajapotea kwa hitilafu. Until Dawn hukuhifadhia papo hapo ili usiweze kurudi nyuma, na hadithi inaendelea bila yeye. Naomba usitafute njia ya kuikwepa kanuni hiyo mara ya kwanza. Ukishamaliza, unaweza kurudia sura.

Sivyo ilivyokuwa

Betri za Alan Wake zilikuwa na chapa ya kampuni halisi. Katika toleo la 2021 chapa hizo zimeondolewa, kwani mikataba ya matangazo haidumu. Until Dawn ya mwaka 2024 ina rangi na mwanga tofauti na ya 2015, na aliyezoea ule ubuluu wa baridi atahisi televisheni yake imeharibika. Haijaharibika.

Mfano mchungu zaidi ni Silent Hill HD Collection ya mwaka 2012. Gemu ya kwanza ya mfululizo huo, ya 1999, ilitumia ukungu kuficha udhaifu wa mashine isiyoweza kuchora mbali, na ukungu ukawa roho yake. Mkusanyiko wa 2012 ulijengwa juu ya mafaili ya programu yasiyo kamili, na ukungu ukatoka mwembamba, ukianika sehemu ambazo hazikukusudiwa kuonekana. Sasisho lilitoka kwa PlayStation 3. La Xbox 360 likafutwa. Ukiicheza leo na ukaona kingo za mji, hakuna mpangilio wa televisheni utakaorudisha ukungu ule.

Kichwa kinauma, kichefuchefu

Zima ukungu wa mwendo na mtikisiko wa kamera, panua upana wa mwono kama chaguo lipo, sogea mbali na skrini, washa taa nyuma ya televisheni. Mwanga unaomweka ukikuletea kizunguzungu au misuli kukaza, acha kucheza na umwone daktari.

Gemu inajifunga yenyewe

Thibitisha mafaili kupitia duka uliloinunulia. Hilo hurekebisha faili bovu bila kushusha kila kitu. Zima programu zinazobandika vipimo juu ya skrini. Rudisha kadi na prosesa kwenye kasi ya kiwandani. Kwenye PlayStation, kujenga upya kanzidata katika hali salama hakufuti hifadhi zako na mara nyingi husaidia.

Dalili moja hudanganya sana: gemu inajifunga wakati wa kuandaa sheda na kusema kumbukumbu ya kadi ya michoro haitoshi, ilhali kadi ni kubwa. Ukiwa na prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 13 au 14, ishuku hiyo kwanza. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi na kuharibika taratibu, ikatoa marekebisho kupitia BIOS (programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mama) na kuongeza miaka miwili kwenye dhamana. Sasisha BIOS kutoka kwa mtengenezaji wa ubao mama. Ikiwa gemu bado inajifunga baada ya hapo, huenda prosesa yenyewe imeshaumia, na unatakiwa kuidai dhamana.

Ukiamua kuwaandikia watengenezaji, taja sura na chumba ulichokuwamo, kasi ya fremu, toleo la draiva au la programu ya mashine, na kama tatizo linajirudia ukipakia kituo kilekile. Ripoti isemayo "gemu mbovu" haina anayeweza kuifanyia kazi. Yenye chumba na kituo, mtu anaweza kuingia mahali hapo akaliona tatizo mwenyewe.